Mchezo ni wa kijana, droo ni ya nani?

Ukitoka Msimbazi na kuingia mtaa wa Aggrey, Kariakoo, biashara ya michezo ya video inaonekana kwa macho. Padi za PlayStation zimening'inizwa mlangoni, mashine zilizotumika zimepangwa ndani ya fremu moja na simu na chaja, na mteja huondoka na mzigo mkononi baada ya kubishana bei. Mashine hizo zimeshuka bandarini ndani ya kontena, zimelipiwa ushuru, na kila aliyezishika amepata chake: wakala wa forodha, mwenye duka, winga aliyemvuta mteja, na mwishowe kijana wa Temeke anayefungua kibanda cha gemu na kutoza watoto kwa kila mechi.

Katika mlolongo huo wote, mtengenezaji wa michezo aliyeko Dar es Salaam hapati kitu, kwa sababu karibu kila mchezo unaochezwa kibandani umetengenezwa ng'ambo. Kijana anayetaka kufungua studio ya kutengeneza michezo ya hapa nyumbani hukuta benki zinadai dhamana ya nyumba au kiwanja. Yeye ana kompyuta na ujuzi tu. Ndipo anapogeukia ndugu, jamaa na mfanyabiashara wa Kariakoo.

Mfanyabiashara huyo ampe fedha au amwambie arudi mwakani? Fedha zinaweza kutolewa, lakini swali la kwanza lisiwe kama mchezo unapendeza. Liwe hili: mteja akilipa, droo inayopokea fedha iko mkononi mwa nani?

Hesabu ya studio

Mwenye duka la khanga akifungua robota asubuhi, jioni ameshauza doti kadhaa. Studio ya michezo hula kwanza, tena kwa muda mrefu, ndipo iuze.

Chukua mfano wa studio ndogo ya watu 5, kila mmoja akilipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Mishahara peke yake ni shilingi milioni 4. Mchezo ukichukua miezi 18 kukamilika, shilingi milioni 72 zimekwisha kabla mteja wa kwanza hajaonekana. Kodi ya chumba, umeme na kompyuta havimo. Mchezo ukiuzwa shilingi 2,000 na duka la mtandaoni likakata asilimia 30, zinabaki 1,400. Hapo wanahitajika wanunuzi zaidi ya 51,400 ili mishahara tu irudi. Kamisheni ikiwa asilimia 15, zinabaki 1,700 na wanunuzi wanaohitajika ni zaidi ya 42,300.

Tofauti hiyo ya wateja wapatao 9,000 haihusiani na ufundi wa kijana. Inatokana na cha juu cha winga. Na winga mwenyewe si wa Kariakoo. Kwa miaka mingi Apple na Google zilitoza asilimia 30 ya mauzo yanayopita kwenye maduka yao. Ni mwaka 2021 ndipo zote mbili ziliposhusha kiwango hadi asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo, kwa mauzo yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Bei ya winga ilibadilishwa Marekani, na mtengenezaji wa Dar es Salaam hakuulizwa.

Funzo la Nairobi na Accra

Historia ya studio za michezo katika ukanda huu inathibitisha jambo hilo. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa kompyuta uitwao The Adventures of Nyangi, ambamo binti wa Kiafrika husaka vitu vya kale. Kiufundi ilikuwa kazi ya kusifiwa. Kibiashara ilihitaji mteja mwenye kompyuta yenye nguvu, na duka linalouza mchezo halali kwa watu waliozoea nakala za bei poa.

Mwaka 2009 Kirinya aliungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Games, ambayo baadaye ilijulikana kama Leti Arts, yenye mguu mmoja Accra na mwingine Nairobi. Studio hiyo iliwafuata wateja kwenye simu, ikachora mashujaa wa hadithi za Kiafrika akiwamo Ananse, ikachapa vitabu vya katuni sambamba na michezo. Jina likakua na magazeti ya nje yakaandika. Lakini studio ya namna hiyo haiishi kwa sifa. Ililazimika pia kutengeneza michezo ya mafunzo kwa maagizo ya wateja. Kazi za maagizo hulipa mishahara, lakini hula muda wa kutengeneza mchezo wa kwako mwenyewe.

Kwa upande wa Dar es Salaam, ushahidi kwamba mikono ipo hautafutwi mbali. Ubongo, iliyoanzishwa hapa mwaka 2013, imetengeneza vipindi vya katuni vya kufundisha watoto vinavyotazamwa katika nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo, Ubongo hailengi kugawa faida na hutegemea sana misaada na ubia. Mwekezaji mdogo anayetaka gawio hawezi kuichukua kuwa mfano wake.

Mwaka 2022 studio 10 za nchi mbalimbali za Afrika ziliunda umoja uitwao Pan Africa Gaming Group, zikiwamo Usiku Games ya Kenya, Leti Arts na Khanga Rue ya Tanzania. Wazo kubwa la umoja huo ni lile lile la wauzaji wa Kariakoo wanaochanga fedha kujaza kontena moja: mmoja mmoja hawana sauti mbele ya mwenye duka, wakiwa pamoja wanaweza kupanga bei, kutafuta mtaji na kutafuta njia yao ya kuuza.

Kariakoo inaijua hadithi hii

Wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kwenda Accra kujifunza. Filamu za Kibongo zilipita njia hii mbele ya macho yao. Kuanzia miaka ya 2000 wasanii walileta kazi zao kwa wasambazaji wa Kariakoo, na wengi waliuza haki zote kwa mkupuo, kwa sababu walihitaji fedha ya haraka ya kulipa madeni ya kurekodi. Filamu ikivuma, msanii hakuwa na cha kudai. Msambazaji naye aliumizwa na nakala za wizi zilizouzwa hatua chache kutoka dukani kwake. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilipoanza kusimamia stempu za kodi kwenye kanda na diski za muziki na filamu, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Kisha watazamaji wakahamia kwenye ving'amuzi na simu, na biashara ya diski ikafifia.

Studio ya michezo ikiuza haki zote kwa mkupuo itapita njia hiyo hiyo. Mwekezaji atakayemlazimisha kijana afanye hivyo atakuwa amekata mti ili ale embe moja.

Hisa zina utamu na uchungu

Wapo watakaosema kwamba mchezo mmoja ukivuma hulipa yote. Ni kweli, lakini mchezo huo mmoja una gharama ya mingine mingi. Rovio ya Ufini ilikuwa imetengeneza michezo 51 kabla ya Angry Birds ya Desemba 2009, na ilikuwa imekaribia kufilisika. Ilipoingia soko la hisa la Helsinki Septemba 2017, hisa moja iliuzwa euro 11.50. Februari 2018 kampuni ilipotoa tahadhari kuhusu mapato ya mwaka huo, karibu nusu ya thamani ya hisa iliyeyuka kwa siku moja. Sega ya Japani ilipoinunua mwaka 2023 ililipa euro 9.25 kwa hisa. Mchezo ulichezwa dunia nzima, na bado aliyenunua hisa siku ya kwanza na kuzishika hadi mwisho aliuza chini ya bei aliyonunulia.

Linganisha na Vodacom Tanzania, iliyouza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja mwaka 2017 na kukusanya shilingi bilioni 476. Hiyo haimaanishi kwamba hisa za simu hupanda daima, waliozinunua wanajua. Ila kampuni hiyo inamiliki M-Pesa, yaani droo ambayo fedha za wengine hupita kila siku. Studio ya michezo haina droo. Inapeleka mzigo kwa mali kauli na kusubiri kulipwa.

Masharti ya kuweka fedha

Mfanyabiashara anayetaka kumsaidia kijana bila kuunguza mtaji aweke masharti manne. Kwanza, fedha zitoke kwa awamu, na kila awamu ifuate kipande cha mchezo kinachochezeka. Picha nzuri ukutani hazitoshi. Pili, kampuni isajiliwe BRELA, kazi iandikishwe COSOTA, na mkataba useme wazi kwamba jina, wahusika na programu ni mali ya kampuni, wala haviuzwi kwa mkupuo. Tatu, mkataba utaje fedha inaingilia wapi, nani anaikata, na hesabu inaletwa tarehe gani ya kila mwezi. Nne, asiweke fedha ya ada ya watoto wala ya kulipia mzigo unaosubiri bandarini.

Baada ya hapo, mfanyabiashara atazame kile alichonacho ambacho Google haina: mteja anayesimama mbele ya kaunta yake. Wateja wengi hawana kadi ya benki, wana fedha kwenye simu. Muuza simu wa Aggrey anaweza kumuwekea mteja mchezo wa hapa nyumbani ndani ya simu mpya na kumuuzia namba za kuufungulia kama zilivyouzwa vocha za kukwangua, kisha wakagawana na studio kwa daftari. Kwa njia hiyo Kariakoo ingekuwa droo ya studio, na studio ingejua kila Jumamosi imeuza ngapi.

Bila hivyo, vijana wataendelea kutengeneza na wengine wataendelea kuhesabu. Wazee wa sokoni walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mchezo wa video nao ni mali, hata kama hauwezi kubebwa na mkokoteni.