Ahadi ya Mwenye Nguvu

Mwanafunzi wetu mmoja, aliyekuwa ametoka kutazama sinema ya wapanda farasi wa Marekani, alituuliza: "Mwalimu, kwa nini Wahindi Wekundu waliwashambulia wasafiri?" Tumeona ni vyema jawabu lake tulilete hapa, lipate kusomwa majumbani.

Mwaka 1803 Marekani iliinunua kwa Ufaransa nchi pana ya Louisiana kwa dola milioni 15. Wenyeji waliokuwa wakiikaa hawakuulizwa. Kisha watu wakamiminika upande wa magharibi, kila mmoja na haja yake: huyu ataka shamba, yule ataka dhahabu iliyoonekana California mwaka 1848. Mwaka 1862 ilitolewa sheria ya kumpa mlowezi eka 160, na mwaka 1869 reli ikaunganisha mashariki na magharibi.

Wenyeji hao hawakuwa bila ya hati. Mwaka 1868, huko Fort Laramie, Serikali ilitia saini mkataba kwamba Black Hills, vilima ambavyo Walakota huvitukuza, vitabaki katika nchi yao, wala sehemu yoyote haitatolewa ila kwa ridhaa ya robo tatu ya wanaume wao wazima. Mwaka 1874 msafara wa jeshi ulioongozwa na Custer ukaona dhahabu vilimani humo. Wachimbaji wakaingia kwa wingi, na mwaka 1876 vita vikazuka. Nyati waliokuwa chakula cha wenyeji walikuwa wamekwisha kuuliwa kwa mamilioni. Na Bunge likaamua kuwa posho waliyokuwa wakipewa isitolewe mpaka wavitoe vilima. Mwaka 1877 vikachukuliwa, na waliotia saini hawakuikaribia hata kidogo ile robo tatu.

Mwaka 1980 Mahkama ya Juu ya Marekani ilihukumu kuwa vilima vilitwaliwa bila ya malipo ya haki, na fidia pamoja na faida yake ikapindukia dola milioni 100. Walakota wakaikataa. Wataka vilima vyao, si fedha.

Wazee wetu wamesema ahadi ni deni, na Walakota wanalidai lao mpaka leo. Basi, enyi wazazi, watoto wakirudi kutoka sinema msiwaulize ni nani aliyeshinda. Waulizeni wale wasafiri walikuwa wakipita katika nchi ya nani, na kwa idhini ya nani.