Umehamia Windows 11? Kitufe cha Start ni dogo, haya ndiyo makubwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliokuwa umekaa sokoni tangu Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Bado zinawaka, zinachapisha na kuingia mtandaoni kama jana. Tofauti ni kwamba tundu jipya la usalama likigunduliwa leo, mwenye Windows 10 hazibiwi, isipokuwa amejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza.

Ndiyo maana watu wengi wamehamia Windows 11. Wengine wamehama kwa hiari, wengine kwa sababu fundi kawaambia "hii imeshapitwa", na wengine walibonyeza tu kitufe kilichowatokea kwenye skrini asubuhi wakiwa na haraka. Kisha malalamiko yakaanza: mbona kitufe cha Start kimehamia katikati? Faili zangu ziko wapi? Mbona skana ya ofisi haitumi tena?

Malalamiko haya hayana uzito sawa. Mengine ni ya mazoea na yataisha yenyewe baada ya wiki mbili. Mengine yanaweza kukugharimu kazi ya miaka.

Mabadiliko unayoyaona

Tuanze na mepesi. Kwenye Windows 11 kitufe cha Start na programu ulizofungua hukaa katikati ya upau wa chini badala ya kushoto. Ukibofya kulia kwenye faili, orodha inayotokea ni fupi, na baadhi ya amri ulizozizoea zimefichwa hatua moja mbele. WordPad, programu ndogo ya kuandikia iliyokuwapo tangu Windows 95, imeondolewa kuanzia toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024. Programu ya Mail nayo ilifikia mwisho wa huduma 31 Desemba 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na Outlook mpya.

Kwa haya kuna dawa. Kitufe cha Start unaweza kukirudisha kushoto kupitia mipangilio ya upau wa kazi, jambo la nusu dakika. Na historia inaonyesha kwamba kelele za watumiaji husikika, japo polepole. Mwaka 2012 Windows 8 ilikuja bila kitufe cha Start. Watu walilalamika dunia nzima, na mwaka uliofuata Windows 8.1 ikakirudisha.

Kwa hiyo usipoteze usingizi kwa sababu ya sura. Sura ni rangi ya nyumba tu. Jambo la kuuliza ni nani ana ufunguo wa mlango.

Faili zimehama bila kuaga

Windows 11 inapowekwa upya, humtaka mtumiaji wa kawaida aingie kwa akaunti ya Microsoft. Zamani ungefungua jina lako tu hapo hapo kwenye mashine na maisha yakaendelea. Sasa akaunti ndiyo mlango mkuu, na nyuma yake kuna OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni.

Katika usanidi wa siku hizi, OneDrive inaweza kuanza kunakili folda zako za Desktop, Documents na Pictures kwenda mtandaoni bila wewe kukumbuka kama uliikubalia. Nia yake si mbaya: kompyuta ikiibiwa au diski ikifa, kazi yako inabaki. Lakini hapo kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni nafasi. Hifadhi ya bure ni gigabaiti 5. Mwenye picha za harusi tatu na video mbili za kwaya ameshaimaliza, na hapo ndipo maonyo ya kununua nafasi zaidi yanapoanza kumfuata.

Wa pili ni bando. Anayetumia intaneti ya simu kwa kuwasha hotspot anaweza kushangaa gigabaiti zimeyeyuka kabla hajafungua hata tovuti moja. Mfumo umebuniwa ukidhani mtandao upo muda wote na hauhesabiwi. Kwa watumiaji wengi wa Afrika Mashariki, dhana hiyo si kweli.

Wa tatu ndio unaoliza watu. Mtu anaona hifadhi ya mtandaoni imejaa, anaingia na kufuta picha ili apunguze, akiamini zilizo kwenye kompyuta ziko salama. Haziko. Folda hizo zimeunganishwa, na ukifuta upande mmoja, upande wa pili nao unafutika. Bahati nzuri kuna pipa la taka la OneDrive, lakini halihifadhi vitu milele.

Ufunguo wa tarakimu 48

Jambo hili linazungumzwa kidogo kuliko yote, na ndilo zito zaidi.

Kuanzia toleo la 24H2, kompyuta inayofutwa na kuwekewa Windows 11 upya, ikiingizwa kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi hufunga diski yake kwa usimbaji wenyewe bila kukuuliza. Maana yake, mwizi akichomoa diski na kuipachika kwenye mashine nyingine hasomi kitu. Ni ulinzi mzuri kweli.

Lakini siku moja, pengine baada ya kubadilisha kifaa ndani ya mashine au kusasisha BIOS, kompyuta inaweza kuwaka na kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo uko wapi? Umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ile ya kwanza.

Sasa fikiria hali ya kwetu. Mashine nyingi huwekewa Windows na fundi. Mteja anaiacha dukani asubuhi, anaifuata jioni. Fundi ana wateja kumi na mfumo unamdai akaunti, hivyo anaingiza ya kwake, au anafungua mpya kwa jina lolote na kuisahau. Mteja anaondoka akifurahi. Baada ya miezi minane skrini ya bluu inamdai tarakimu 48, fundi kahama mtaa, na ndani ya diski kuna hesabu za duka, tasnifu ya chuo au kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa.

Bila ufunguo ule, faili hizo hazifunguki. Si fundi mwingine wala Microsoft yenyewe inayoweza kuzitoa. Tunaweza kumlaumu fundi, lakini tatizo limeanzia kwenye mfumo uliochukulia kwamba anayeiwasha kompyuta mara ya kwanza ndiye mwenye mali.

Ofisini nako

Kwenye ofisi ndogo, shule na stesheni, mshtuko umetokea kwenye mashine za kunakili na folda za pamoja. Toleo la 24H2 la Pro limekaza masharti ya kompyuta kuzungumza kwenye mtandao wa ndani: linadai mawasiliano yawe na saini ya kidijitali, na halikubali tena kuingia kwenye folda za wenzako kama mgeni asiye na nywila.

Matokeo yake, skana ya zamani iliyokuwa inatuma nyaraka moja kwa moja kwenye kompyuta ya karani inaweza kugoma siku moja baada ya kuhama. Karani anadhani skana imekufa, bosi anaanza kutafuta hela ya mpya. Kumbe mashine ni nzima. Mara nyingi kinachotakiwa ni kusasisha programu ya skana hiyo, kuweka jina na nywila kwenye folda, au kutuma kwa barua pepe.

Kwa nini wanakaza hivi?

Kuna sababu ya kweli. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia ili kuzifungua. Dawa ya tundu kilichopitia ilikuwa imetolewa na Microsoft miezi miwili kabla, Machi. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha, au waliokuwa kwenye mifumo ya zamani isiyopata dawa. Anayesema "masasisho ni usumbufu tu" amesahau mwaka ule.

Lakini masasisho yenyewe nayo huuma. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha toleo jipya la Windows 10 baada ya baadhi ya watumiaji kukuta faili zao zimefutwa. Na Oktoba 2025 sasisho moja la Windows 11 lilifanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani ya sehemu ya kurekebishia kompyuta iliyokwama, hadi marekebisho ya dharura yalipotolewa siku chache baadaye. Unaposikia mtu anasita kubonyeza kitufe, usimcheke. Anayo sababu.

Na kuna sababu ya tatu ambayo haisemwi kwa sauti: biashara. Mtumiaji mwenye akaunti ni mteja anayeweza kuuziwa nafasi ya kuhifadhi, programu za kulipia kila mwezi na huduma za akili mnemba. Usalama na mauzo vimeingia kupitia mlango mmoja, na mtumiaji haambiwi kipi ni kipi.

Mashine za mtumba zinaachwa njiani

Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, na kwa prosesa za Intel, kwa ujumla kizazi cha 8 na kuendelea. Kizazi hicho kilianza kutoka mwaka 2017. Kwa soko letu la kompyuta zilizotumika kutoka Ulaya na kwingineko, huo ni ukuta.

Kabla ya kununua, soma namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha 6 na haimo kwenye orodha ya Microsoft. Ikiwa i5-8250U, hiyo ni ya 8 na imo. Laptopu mbili zinaweza kufanana nje kama mapacha, moja ina miaka mbele yake na nyingine imeshafungiwa mlango.

Wapo mafundi wanaokwepa masharti na kuiweka Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika. Inawezekana, na mara nyingi inafanya kazi. Ila Microsoft haitoi uhakika kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho. Muuzaji anapaswa kumwambia mnunuzi ukweli huo kabla ya kupokea hela.

Ufanye nini sasa?

Kama bado hujahama, nakili faili zako kwenye diski ya nje kwanza. Si baadaye, kwanza. Kama mashine yako haikidhi masharti, mpango wa nyongeza wa Windows 10 kwa watu binafsi unafika hadi 13 Oktoba 2026. Nje ya Ulaya unaweza kuupata bure kwa kukubali kusawazisha mipangilio yako kupitia akaunti ya Microsoft, au kwa kulipa dola 30. Ofisi zina bei yake: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na inaongezeka maradufu kila mwaka. Njia nyingine ni Linux, kama Ubuntu au Mint. Ni ya bure na hukaa vizuri kwenye mashine nyingi za zamani, mradi programu unazozitegemea ziwe na mbadala wake.

Kama umehama juzi na mambo hayaendi, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia mipangilio ya mfumo. Zikipita, faili za mfumo wa zamani hufutwa na njia hiyo inafungwa.

Kama umeamua kubaki, fanya mambo matatu wiki hii. Kwanza, hakiki akaunti iliyoingizwa kwenye kompyuta ni ya kwako na nywila unaijua. Pili, ingia kwenye akaunti hiyo, tafuta ufunguo wa kurejesha, uandike kwenye karatasi na uiweke mbali na kompyuta. Tatu, fungua OneDrive uone ni folda zipi zinapanda mtandaoni, kisha amua wewe. Ukitumia hotspot, weka mtandao huo kuwa wa kuhesabiwa kwenye mipangilio ya Wi-Fi, na masasisho mengi yatasubiri.

Na ukipeleka mashine kwa fundi, kaa naye zile dakika chache za kufungua akaunti, au iandike yako mwenyewe nyumbani. Mwambie pia akuonyeshe kama diski imefungwa kwa usimbaji. Fundi mzuri hatachukia.

Haya hayataisha na Windows 11. Kila toleo la mwaka kwa mtumiaji wa kawaida hudumu miezi 24, kisha linahitaji jingine. Kampuni itaendelea kuamua mengi kwa niaba yako, mengine kwa faida yako na mengine kwa yake. Ila ufunguo wa diski na nakala ya faili zako, hivyo viwe mikononi mwako.