Mume Anapopungukiwa Nguvu: Kabla ya Kudhani Mabaya

Amma baad. Dada yetu mmoja, aliyekaa na mumewe miaka kumi na minane kwa wema, ametuandikia kwamba tangu mwaka jana unyumba umekatika. Mume hulala akageukia ukutani, na akiulizwa hukasirika. Dada anauliza: je, amenichoka, ameoa kwa siri, au amefanyiwa mambo? Swali hili liko katika nyumba nyingi, na haya isituzuie kulijibu. Ummu Sulaym (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) habari ya mwanamke anayeota ndoto ya kuoga, na umma mzima ukafaidika kwa swali lake.

La kwanza la kufahamu ni kwamba dhakari haisimami kwa amri ya mwenyewe. Mtu akitaka kuinua mkono, huuinua. Lakini hawezi kuuamuru moyo upige wala tumbo lisage chakula, na kiungo hiki kimo katika fungu hilo. Mwenyezi Mungu amekiweka chini ya mishipa ya fahamu, yaani neva, zifanyazo kazi zake pasi na kungoja amri yetu. Neva hizo ni makundi mawili. Moja ni la hadhari: mtu akiogopa au akighadhibika, huupigisha moyo mbio na kuibana mishipa ya damu ya sehemu hiyo. La pili ni la utulivu, nalo hutokea sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Kundi hili likishika zamu, ncha za neva hutoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, mishipa ya damu ikalegea na kupanuka, damu ikaingia kwa wingi na kujaa kama maji katika sifongo, na njia zake za kutokea zikabanwa. Mwaka 1998 wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya hewa hiyo katika mishipa ya damu.

Amri ya kuliamsha kundi la utulivu huja kwa njia mbili. Moja yatoka katika ubongo: jicho likiona, sikio likisikia neno laini, pua ikinusa udi na asumini. Ya pili ni ya mguso, na hiyo huishia katika uti wa mgongo bila ya kupanda hadi ubongoni. Ndiyo sababu baadhi ya walioumia uti wa mgongo sehemu za juu hubakiwa na mwitikio wa mguso. Lakini ubongo uletao hamu ndio uwezao pia kuizuia. Deni, ugomvi, msiba, au hofu ya kushindwa tena baada ya kushindwa mara moja, vyote huliamsha kundi la hadhari. Basi mume akizidi kujilazimisha, mlango huzidi kufunga.

Ipo alama ya kupambanua. Mwanamume mzima wa afya husimamisha mara kadhaa kila usiku akiwa usingizini, na mara nyingi huamka alfajiri katika hali hiyo. Ikiwa hayo yangalipo, aghalabu neva na mishipa ni salama, na sababu ya kutafutwa ni ya moyoni. Ikiwa yametoweka, mwili ndio wa kutazamwa. Kisukari kilichokaa miaka bila kudhibitiwa huharibu neva na mishipa midogo ya damu. Presha na sigara nazo huidhuru mishipa. Tena mishipa ya sehemu hii ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo huweza kuziba kwanza. Udhaifu wa chumbani waweza kuwa ni onyo la maradhi ya moyo, lililotangulia kwa miaka. Anayelificha huenda anaficha hatari ya uhai wake.

Mafaqihi wetu wa madhehebu ya Shafii walilitazama jambo hili kwa insafu. Mume asiyeweza kabisa kumwingilia mkewe, mke akishitaki na jambo likathibiti, kadhi humpa muda wa mwaka mmoja, kama alivyohukumu Sayyidna Umar (R.A.), ili misimu yote minne impitie, ukiisha bila ya kuweza, mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Walitaja pia kwamba mtu huenda akashindwa kwa mke mmoja na akaweza kwa mwingine. Dada yetu, ambaye mumewe alikwisha kumwingilia, hamo katika mlango huo wa hukumu, lakini hekima yake yamfaa: subira yenye kikomo, na uchunguzi kabla ya lawama.

Basi dada, usimcheke wala usiipeleke siri yake barazani. Mchagulie saa ya utulivu, umwambie kwamba unaihofia afya yake, kisha mwende pamoja hospitali apimwe sukari, presha na moyo. Nawe mume, ikiwa watumia dawa za presha, usiziache kwa dhana kwamba ndizo zilizokudhoofisha. Mwulize daktari, naye aweza kukubadilishia. Usinunue vidonge vya kichochoroni wala unga usiojulikana ndani yake mna nini. Dawa kama sildenafil haziumbi hamu. Huisaidia tu kazi ya ile nitriki oksaidi, na zikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha huweza kushuka ghafla hata mtu akafa. Kusomewa ruqya ni kheri, lakini hakuondoi wajibu wa kupimwa.

Mwenyezi Mungu atie mapenzi na huruma katika majumba yetu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.