Ulinzi wa nyumba Ngarambe: anza na jirani, kufuli baadaye

Pesa ya ufuta ikishaingia, Rufiji na Kibiti watu hununua vitu. Bati mpya, sola, spika, godoro, pikipiki. Mwizi naye anaijua kalenda hiyo hiyo. Anajua pia kwamba msimu wa mpunga ukifika familia nyingi huhamia shambani, hulala kwenye madungu kufukuza nguruwe na ndege, na nyumba ya kijijini hubaki na kufuli tu mlangoni.

Kwa mtu wa Ngarambe, kijiji cha pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kamera na uzio wa umeme ni habari za Masaki. Swali lake ni jingine: kwa elfu chache alizonazo, aanze na nini?

Jibu fupi: aanze na vitu visivyouzwa dukani.

Pesa isilale ndani

Katikati ya miaka ya 1980, mtaa wa Kirkholt huko Rochdale, Uingereza, ulisumbuliwa sana na wizi wa majumbani. Nyumba nyingi zilikuwa na mita za gesi na umeme za kutumbukiza sarafu, yaani kila nyumba ilikuwa na kibubu kinachojulikana kilipo. Mradi ulioanzishwa pale uliziondoa mita hizo kwenye nyumba zilizokuwa zimeibiwa, na majirani kama sita wa kila nyumba wakaombwa waiangalie. Ndani ya miezi michache wizi ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Somo hilo linafika hadi Ngarambe. Siku hizi malipo mengi ya ufuta na korosho hupitia AMCOS na kuingia kwenye akaunti. Hatari inaanza pale mtu anapozitoa zote kwa mkupuo na kuziweka chini ya godoro. Toa za wiki, nyingine ziache benki au kwenye simu. Na usitangaze kijiweni umelipwa kiasi gani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wizi wa kijijini mara nyingi huanza na mtu anayejua ndani kuna nini.

Majirani ndio kamera

Kutoka Ngarambe hadi kituo cha polisi si safari ya dakika tano. Namba ya dharura ni 112 na inapigwa bure, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Atakayefika kwanza ni jirani.

Tatizo ni kwamba ujirani wa huku ulipata kidonda. Kati ya 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji na polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 peke yake, askari 8 waliuawa kwa kuviziwa eneo la Jaribu Mpakani. Baadhi ya viongozi waliuawa majumbani mwao usiku. Bodaboda zikazuiwa kutembea usiku, na Rufiji ikafanywa kanda maalumu ya kipolisi.

Hali ilitulia, lakini tabia ilibaki. Watu walijifunza kwamba ukisikia kelele usiku, zima taa, kaa kimya. Wakati ule ilikuwa busara. Kwa wizi wa kuku na sola, kimya hicho hicho ndicho kinachompa mwizi nafasi.

Dawa yake ni makubaliano ya wazi, tena mchana. Nyumba tano au sita zikae chini na mwenyekiti wa kitongoji, zipeane namba za simu na zikubaliane ishara moja: filimbi, au sufuria kugongwa mara tatu. Ikisikika, kila nyumba inawasha taa na kugonga yake, bila mtu kulazimika kutoka peke yake gizani. Hilo ni muhimu huku, maana nje anaweza kuwa mwizi, anaweza pia kuwa tembo.

Na ukihamia shamba, usiage kijiji kizima. Mwambie jirani mmoja unayemwamini afagie uwanja, aanike nguo mbili tatu, awashe taa jioni. Uwanja uliojaa majani makavu unamwambia mwizi hakuna mtu. Kufuli kubwa upande wa nje linamwambia hivyo hivyo.

Mlango: nunua dakika

Hakuna mlango usiovunjika. Unachonunua ni dakika na kelele. Wezi wanaotumia lile jiwe kubwa, wenyewe wanaliita fatuma, wanataka mlango ufunguke kwa pigo moja au mawili. Ukihitaji mapigo kumi, kijiji kimeshaamka.

Gogo imara linalopita nyuma ya mlango, likakaa kwenye vyuma viwili vilivyoshikwa vizuri ukutani, linasaidia kuliko kitasa cha bei rahisi. Angalia pia bawaba: zikiwa nje na misumari inang'oka, kufuli halina kazi. Skrubu ndefu ni bei ya soda.

Dirishani, nondo au hata miti iliyokaribiana inazuia mtu kupita. Lakini mwizi mwenye fimbo ndefu yenye ndoano hahitaji kupita. Simu na suruali zisilale karibu na dirisha.

Nyumba ya udongo ina udhaifu wake: ukuta unachimbika. Usiweke kitu cha thamani kwenye kona ya nyuma isiyoonekana, na kata vichaka vinavyoificha kona hiyo.

Kisha tumia ujuzi wa shambani. Wakulima wa huku hufunga kamba yenye makopo ili mnyama akigusa, mlinzi wa dunguni aamke. Kamba hiyo hiyo inafaa nyuma ya nyumba na kwenye banda la kuku. Mbwa anasaidia, ila Waislamu wengi hawapendi kukaa naye karibu. Kanga na bata bukini nao hawanyamazi mgeni akiingia uani.

Usichome pesa hapa

Wengi huamini wezi hupuliza dawa dirishani, nyumba nzima ikalala fofofo. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza kilishaeleza kwamba kumlaza mtu kwa kupuliza etha au klorofomu kupitia dirishani haiwezekani. Usingizi wa mtu aliyelima kutwa nzima unatosha kabisa, hauhitaji dawa.

Kuna na zindiko. Ngarambe inajua habari hii kuliko kijiji chochote. Ni hapa Kinjikitile Ngwale aligawa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, kabla Wajerumani hawajamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Risasi hazikugeuka maji. Kilichowatisha Wajerumani ni watu wa makabila mengi kusimama pamoja. Anayetaka kuzindika nyumba ni hiari yake, ila komeo na makubaliano na majirani visikosekane.

Kuna pia njia inayoonekana rahisi halafu inakuwa ghali: kuunganisha umeme kwenye nondo za dirisha. Wa kwanza kuugusa anaweza kuwa mtoto wako. Na mwizi akikamatwa, akabidhiwe kwa uongozi wa kijiji na polisi. Kumpiga hadi afe ni mauaji. Sheria ina meno yake: chini ya Kanuni ya Adhabu, anayevunja nyumba mchana anaweza kufungwa hadi miaka 14, usiku hadi miaka 20.

Ukishaibiwa

Usidhani zamu yako imepita. Kirkholt ilionyesha nyumba iliyoibiwa iko hatarini kuibiwa tena, kwa sababu mwizi ameshaijua njia. Ziba alipopita siku hiyo hiyo, kabla hujanunua sola nyingine.

Leo, kabla ya lolote, bonyeza *#06# kwenye simu yako, andika namba ya IMEI kwenye daftari, na daftari uliweke kwa ndugu. Simu ikiibiwa, toa taarifa polisi, kisha mtandao wako unaweza kuifungia.

Ukijumlisha, gogo, skrubu, kamba na filimbi havifiki bei ya gunia la mpunga. Kikao cha nyumba sita ni bure, na ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu kinadai watu waliozoea kuzima taa na kunyamaza waanze tena kuitikiana usiku.