Waliozaliwa Januari Mosi Wapumzike Lini?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utumishi wa Umma na Kazi, Kigali

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya nchi yetu tangu 2017, kuhusu hoja isiyoisha ofisini kwetu: mfanyakazi apewe mapumziko siku yake ya kuzaliwa. Kwa sasa mwenye siku yake hukatiwa keki mchana, humwagiwa maji mpaka shati likamganda mgongoni, kisha hurudi kwenye kompyuta huku anachuruzika. Mimi naunga mkono apumzike. Ila tarehe ya kuzaliwa isiwe ndiyo kipimo.

Tazama vitambulisho vya watu wazima, utaona 01/01 inavyojirudia. Wazazi walikumbuka mwaka, pengine na msimu wa mavuno, basi karani akajaza iliyo rahisi. Hawa wakipewa "siku yao" watakuwa wamepewa Mwaka Mpya, ambao ni sikukuu tayari.

Kisha wapo waliozaliwa kati ya tarehe 7 na 13 Aprili, wiki ya kuomboleza Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Wiki hiyo hakuna harusi wala muziki wa starehe. Keki ataikata nani? Rafiki yangu wa Nyamirambo, mwenye tarehe 9, hualika watu Mei. Hajawahi kuulizwa kwa nini.

Ninachoomba ni siku moja kwa mwaka, aichague mfanyakazi mwenyewe, isipunguze likizo yake ya mwaka, wala asidaiwe cheti cha kuzaliwa. Anayetaka siku yake halisi aichukue; wa Aprili achukue ya Mei.

Waajiri watasema kalenda imejaa. Kweli, Julai ina tarehe 1 na 4, Agosti ina Umuganura, sikukuu ya mavuno, na Kupalizwa Bikira Maria. Lakini sikukuu hizo hufunga ofisi nzima. Siku ya mtu mmoja humwondoa mmoja, mwenzake akamshikia kazi, kama tunavyoshikiana mtu anapofiwa. Na tangu Januari 2023, wiki ya kazi iliposhushwa kutoka saa 45 hadi 40, ofisi zinaendelea kufunguliwa kila asubuhi.

Wasiwasi wangu ni kwa mtumishi wa nyumbani asiye na mkataba. Yeye siku hii ataidai kwa nani? Waraka ukiandikwa, naomba atajwe humo.

Wasalaam,
Mfanyakazi wa ofisi, Kigali