Mgonjwa wa Kiharusi Aachiwe Kazi Yake

Kuzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake. Lakini tumzurupo aliyepatwa na kiharusi, aghalabu tunamsalimu, kisha tunamgeukia mwanawe: "Mzee amekula? Anatutambua?" Mzee yupo palepale, anasikia.

Kiharusi hutokea damu inapozuilika kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka. Huweza kudhoofisha mkono na mguu, na pia kumbukumbu, umakini na kauli. Hata hivyo, aliyepoteza kauli si lazima awe amepoteza akili. Ubongo una uwezo wa kujifunza upya, nao hujifunza kwa mazoezi. Na hafanyi mazoezi ila anayeamini kwamba anaweza. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani hiyo hujengwa zaidi na mtu kufanikiwa mwenyewe kuliko kwa maneno ya kumtia moyo. Basi tukimfanyia mgonjwa kila kitu kwa huruma, tunamnyima kile kinachomjenga.

Chukua mvuvi wa Salale au Mbuchi, huku deltani. Muulize: "Leo mwezi ngapi? Ni bamvua au maji mafu? Maji yatajaa saa ngapi?" Kujaa kwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo jibu hilo hudai kumbukumbu na hesabu, tena katika elimu anayoijua kuliko sisi. Apewe muda. Akikosea asichekwe, bali swali lipunguzwe: "Jana yalijaa saa ngapi?" Na bibi wa Kibiti aliyezoea kusuka mikeka apewe ukili, japo achague rangi tu kwa mkono wenye nguvu.

Sheria yetu imetangulia katika hili. Asiyeweza kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali kwa ubavu. Hakufutiwa ibada, amepewa kiasi anachokiweza. Naye Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), aliyekuwa kipofu, alikuwa mwadhini wa Mtume (s.a.w.), na aliachiwa kuisimamia Madina Mtume alipokuwa safarini.

Haya hayachukui nafasi ya tiba. Dawa za shinikizo la damu zisikatizwe bila idhini ya daktari, na kazi apewayo mgonjwa iwe ndogo na salama. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au kauli ikipotea ghafla, awahishwe hospitali papo hapo. Deltani, ambako safari huanza kwa boti na pengine kwa kungoja maji, saa moja ya kusitasita nyumbani ni hasara kubwa.

Basi ndugu yangu, utakapomzuru mgonjwa wako wiki hii, keti mbele yake, muulize jambo analolijua, kisha nyamaza usubiri jibu. Usimjibie. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.