HIARI GANI HII? WALIOTOKA NGORONGORO KWENDA MSOMERA WALICHAGUA AU WALICHAGULIWA?

Wadau, leo naweka pembeni umbea wa mastaa. Juzi niliposti picha ya mshikaji wangu niliyesoma naye sekondari, mzaliwa wa Ngorongoro, sasa hivi anaishi Msomera kule Handeni. Daah, komenti! Huku wanamwita msaliti, kauza ardhi ya babu zake. Kule wanajibu kaondoka kwa hiari yake, sasa kelele za nini? Mimi naona wote mmeteleza.

Sisi wa Karatu tunaishi mlangoni kabisa. Toka Juni 2022 tumeona malori yakipita hapa mjini na vitanda, magodoro na ng'ombe za watu. Serikali inatoa nyumba ya vyumba vitatu na shamba, na jina la zoezi ni kuhama kwa hiari. Ni kweli, mshikaji wangu hakufungwa kamba.

Ila hebu turudi nyuma kidogo. 1959 wazee walitolewa Serengeti, wakaambiwa Ngorongoro mtaishi na mifugo yenu. Kilimo kikapigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena 2009. 2022 ikatoka barua kwamba hela za Uviko za shule za Ngorongoro zihamishiwe Handeni. Agosti 2024 tangazo la serikali likafuta vijiji vyao, watu wakajaa barabarani kuandamana, mpaka mahakama Arusha ikasimamisha lile tangazo.

Sasa mtu wa namna hiyo akisaini fomu, amechagua?

Mimi nasema ndiyo, amechagua. Mshikaji wangu ana mama mgonjwa, na alikesha siku nyingi akiwaza. Aliniambia yeye hakuchagua Msomera, alichagua mama yake awe karibu na dawa. Huo ni uamuzi wa mtu mzima mwenye akili zake. Ukimwita msaliti unamvunjia heshima bure, wakati wewe zahanati iko mtaa wa pili.

Lakini yeye kuchagua hakumsafishi aliyembana. Hapo ndipo wengi mnachanganya. Bosi akikwambia kufanya kazi sikukuu ni hiari, halafu aliyekataa msimu ukija haitwi tena kazini, hiyo ni hiari? Vijana wa mahotelini hapa Karatu mnanielewa vizuri sana.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama jambo ni la hiari, usimuulize aliyekubali. Muulize aliyekataa. Je, shule ya mwanae imebaki vilevile? Akiugua usiku anapata matibabu kama zamani? Kijiji chake bado kipo kwenye karatasi? Kama kusema "hapana" kunakugharimu vyote hivyo, basi hiyo "ndiyo" ya jirani yako ilishaandaliwa mapema.

Wapo wanaofurahia Msomera, sikatai. Kuna mtu leo analima mahindi yake bila kujificha, na hiyo raha ni yake. Ila hata yeye angefurahia zaidi kama angejua aliowaacha nyuma wameachwa kwa amani.

Kwa hiyo wadau, aliyehama muacheni apumzike, na aliyebaki msimwite mbishi. Swali tumpelekee aliyepanga hizo njia mbili.

Wewe ungekuwa na mama mgonjwa kule juu, ungefanyaje? Tiririka hapo chini, ila matusi nafuta.